Ombi la Kumbukumbu Ndani ya Kiini: Nani Aseme Nini?

Ndani ya msimbo wa Linux kuna mstari unaojirudia maelfu kwa maelfu ya mara, katika draiva za kadi za sauti, katika mifumo ya faili, katika sehemu zinazopokea pakiti za mtandao. Mstari huo huita funksheni ya kmalloc na kuipa vitu viwili: idadi ya baiti zinazotakiwa, na neno kama GFP_KERNEL. Jibu ni anwani ya mahali penye nafasi, au sifuri kwa maana kwamba nafasi haikupatikana. Ukiutazama juujuu utadhani hapo hapana la kujadili. Hata hivyo wahandisi hodari wameubishania kwa zaidi ya miaka 30 na bado wanaubishania, kwa sababu kila kinachotajwa humo, na kila kisichotajwa, kinaamua mzigo gani uwe wa mwombaji na upi uwe wa mtoaji.

Msimamo wangu nausema mapema. Kiolesura cha kugawa kumbukumbu kinapaswa kumwuliza mwombaji yale ambayo yeye ndiye ayajuaye, kisimwulize asiloweza kulijua, na kimwambie bila kumumunya maneno kama ombi lake linaweza kukataliwa au haliwezi. Linux nimeichagua kuwa mfano kwa sababu makosa yake yamefanyika hadharani na masahihisho yake pia, na kwa sababu iko ndani ya karibu kila simu ya kisasa isiyotengenezwa na Apple.

Kwanza tuone kwa nini kiini cha mfumo, yaani kernel, hakiwezi kuazima tu kiolesura cha programu za kawaida. Kivinjari cha intaneti kikiishiwa nafasi hukiomba kiini. Kiini kinaweza kukisimamisha kivinjari hicho, kikahamishia diskini kurasa za programu nyingine, hata kikaiua programu mojawapo ili nyingine zipumue, kisha kikakirudisha kivinjari kazini bila chenyewe kujua kwamba kilisimama. Kiini chenyewe hakina wa kumwomba. Chini yake iko RAM tu, nayo ina mwisho. Isitoshe, mara nyingi kiini huomba kikiwa katika hali isiyoruhusu kusubiri: kadi ya mtandao imeikatiza prosesa, pakiti imefika, na kulala hapo ni kuisimamisha mashine. Tena nafasi ya muda ambamo funksheni za kiini huweka vitu vyake ni finyu mno. Kwenye prosesa za x86 za biti 64, kila uzi ndani ya kiini ulikuwa na kilobaiti 8 za kazi hiyo hadi 2014, zilipoongezwa zikawa 16. Kitu chenye ukubwa wa maana hakienei humo. Lazima kiombwe.

Katika miaka ya 1980 kiini cha Unix ya Berkeley kilikuwa na vigawaji vingi, kila kimoja kimetungwa na mwandishi wa sehemu fulani kwa haja yake mwenyewe. Aliyetaka kuongeza kitu kipya alilazimika kujifunza desturi za sehemu aliyoingia, au kutunga kigawaji kingine tena. Mwaka 1988 Kirk McKusick na Mike Karels walipendekeza kigawaji kimoja cha jumla, chenye kiolesura kinachofanana na malloc na free ambazo kila mwandishi wa lugha ya C alikuwa amezizoea. Hoja hiyo ilimjali mwandishi kuliko mashine, nami naiona ilikuwa sahihi: kinachofanana na kilichozoeleka hukosewa mara chache. Matokeo yake yako hadi leo katika umbo la kfree, funksheni ya Linux ya kurudisha nafasi, ambayo hupokea anwani peke yake. Kigawaji ndicho kinachokumbuka ukubwa. Solaris ya Sun Microsystems ilifuata njia nyingine ikamdai mwombaji ataje ukubwa tena anaporudisha, jambo linalopunguza kazi ya kigawaji lakini linafungua mlango wa kosa: akitaja ukubwa usio wake, anaharibu mali ya mwingine.

Hatua kubwa zaidi ilitoka hukohuko Sun Microsystems mwaka 1994, pale Jeff Bonwick alipoeleza kigawaji alichokiita slab, kilichotoka na Solaris 2.4. Aliona kwamba kiini hakiombi baiti za kila ukubwa ovyo. Huomba vitu vya aina zilezile tena na tena: maelezo ya faili iliyofunguliwa, maelezo ya mchakato, vichwa vya pakiti. Basi kigawaji kikijua aina mapema, kinaweza kuandaa kurasa zilizogawanywa mithili ya trei za mayai, vishimo vyote sawa, kila kinachotoka kikiacha pengo linalomfaa ajaye bila kupimwa. Kiolesura chake kilikuwa na hatua mbili. Kwanza mwandishi husajili kache: jina, ukubwa, mpangilio wa anwani, na funksheni ya kukiandaa kitu kabla hakijatolewa. Baadaye, kila ahitajipo, huomba kwenye kache ile bila kutaja ukubwa wowote.

Hapa kuna jambo ambalo watu hulipita haraka. Faida ya slab ilitokana na swali lililoulizwa kabla ya kutokana na ujanja wa ndani. Bonwick alimwuliza mwombaji kitu ambacho mwombaji anakijua kwa hakika, yaani aina ya kitu chake, tena akamwuliza mara moja tu. Kwa kuwa swali lilikuwa sahihi, yaliyo nyuma yake yaliweza kubadilishwa kwa uhuru. Mwaka 2001 Bonwick na Jonathan Adams walikipanua kigawaji hicho ili kifae mashine zenye prosesa nyingi, na waombaji hawakuhitaji kuandikwa upya. Linux ilipoichukua fikra hiyo, ilifika mahali pa kuwa na vigawaji vitatu nyuma ya kiolesura kimoja: SLAB ya awali, SLOB kwa vifaa vidogo sana, na SLUB ya Christoph Lameter iliyoingia mwaka 2007. SLOB iliondolewa katika toleo la 6.4 mwaka 2023, na SLAB katika toleo la 6.8 mwaka 2024. Maelfu ya draiva hayakuhisi lolote. Ila hata humo palikuwa na kifungu kilichofichika. SLOB haikuhifadhi taarifa za kutosha kuhusu vitu vilivyotoka kwenye kache, hivyo kwa miaka mingi ilikuwa marufuku kuvirudisha kwa kfree, hata kwa wale waliotumia SLUB isiyo na udhaifu huo. Udhaifu wa kigawaji kidogo kuliko vyote ulikuwa umegeuka sheria kwa wote, na ulikoma tu kilipoondolewa.

Linganisha na kigawaji cha kurasa kilichoko chini zaidi. Linux hugawa RAM kwa kurasa, ambazo kwenye mashine nyingi ni za baiti 4,096, na huzipanga katika mafungu yanayogawika nusu kwa nusu: ukurasa 1, 2, 4, 8, na kuendelea. Njia hiyo ilielezwa na Kenneth Knowlton mwaka 1965, nayo ni nzuri. Tatizo ni kwamba kiolesura kimeacha utumbo wake nje. Kwa funksheni zake za msingi, anayetaka kurasa hasemi anataka ngapi. Hutaja kipeo cha 2. Anayehitaji kurasa 5 hutaja 3, hupewa 8, na kurasa 3 zinakaa bure. Mwandishi wa draiva anajua idadi yake, hana sababu ya kujua logi yake. Kibaya zaidi, funksheni kongwe ya familia hiyo hurudisha namba badala ya kielekezi, kwa hiyo anayeipokea lazima aigeuze aina kwa mkono, na kila ugeuzaji wa namna hiyo ni mahali ambapo kompaila imezibwa mdomo. Mwaka 2015 Al Viro alijaribu kulirekebisha hilo katika msimbo wote. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alikataa. Funksheni iliyokuwapo tangu siku za mwanzo, alishikilia, haibadilishwi maana yake ghafla, kwa sababu kila kiraka kinachosafiri kati ya matoleo ya zamani na mapya kingegeuka mtego. Namwelewa, ingawa matokeo yake yanauma: kosa dogo la mwaka 1991 limekuwa ghali mno kulipia.

Sasa tuliendee lile neno la pili la kmalloc, kwa kuwa ndilo lenye uzito.

GFP_KERNEL na ndugu zake ni mafungu ya alama, kila alama ikiwa ruhusa au katazo. GFP_KERNEL yenyewe huruhusu kila kitu: subiri, kusanya kurasa zisizotumika, andika data diskini ikibidi. GFP_ATOMIC hukataza kusubiri, ila huruhusu kugusa sehemu ya akiba ya dharura. GFP_DMA ilizaliwa enzi za kadi za ISA, ambazo kwa anwani zao za biti 24 hazikuweza kufika mbali zaidi ya megabaiti 16 za mwanzo. Hii ya mwisho hainisumbui, kwani mwandishi wa draiva anakijua kifaa chake. GFP_ATOMIC nayo hueleweka kwa mwandishi aliye ndani ya mkatizo. Inayotia shida ni GFP_NOFS.

Chukulia mfumo wa faili uko katikati ya muamala na umeshika kufuli. Unahitaji kumbukumbu kidogo, unaomba. RAM imejaa, basi kigawaji kinatafuta kurasa za kuachilia, kinakuta zenye data ambayo bado haijaandikwa diskini. Kinauita mfumo wa faili uziandike. Mfumo wa faili unataka kufuli lilelile, ambalo umelishika wenyewe, na utajisubiri milele. GFP_NOFS ilitungwa kuzuia hilo: nipe kumbukumbu, lakini usirudi kwenye mfumo wa faili.

Katazo lina maana. Swali ni nani anatakiwa kulitamka. Funksheni inayoomba kumbukumbu mara nyingi iko mbali sana na ile iliyoshika kufuli. Kati yao kuna ngazi nyingi za kuitana, na ile ya chini pengine ni msaidizi wa jumla anayeitwa na mfumo wa faili leo na mtandao kesho. Kumwuliza huyo wa chini kama kuna kufuli juu yake ni kumwuliza asiloweza kulijua. Waandishi walijibu kwa njia mbili, zote mbaya. Wengine walipitisha alama hizo kutoka funksheni hadi funksheni, hadi kila orodha ya vigezo ikabeba mzigo usiohusiana na kazi yake. Wengine waliandika GFP_NOFS kila mahali kwa hofu, na hivyo kigawaji kikazuiwa kukusanya kurasa hata pale ambapo hapakuwa na hatari yoyote, kikabaki kimebanwa wakati mashine imejaa data ambayo ingeweza kuandikwa na kuachiliwa. Na hofu yenyewe haikutosha kuwaokoa. Funksheni ya vmalloc, inayounganisha kurasa zilizotawanyika ili zionekane mfululizo, ilihitaji kumbukumbu yake ya ndani na kuiomba kwa GFP_KERNEL, hata kama wewe umeandika GFP_NOFS. Hali hiyo iliendelea hadi toleo la 5.17 la mwaka 2022.

Dawa ilikuja kwa awamu. Mwaka 2013 iliingia memalloc_noio_save kwa ajili ya vifaa vya diski, na mwaka 2017 memalloc_nofs_save, kazi ya Michal Hocko, iliyojifunza kutoka alama ambayo mfumo wa faili wa XFS ulikuwa ukiitumia nyumbani kwake. Uzi unapoanza muamala hutamka kwamba kuanzia sasa hauruhusu kurudiwa. Tamko huandikwa kwenye uzi wenyewe, na kila ombi litakalofanywa na uzi huo, hata liwe la ngazi ya chini kabisa lililoandikwa GFP_KERNEL, huchukuliwa kuwa limekatazwa kugusa mfumo wa faili, hadi muamala umalizike na tamko liondolewe. Ujuzi umehamia kwa mwenye nao. Anayelishika kufuli anajua kwamba amelishika, naye ndiye asemaye. Naliona hilo kuwa rekebisho muhimu kuliko yote yaliyofanyiwa kiolesura hiki katika karne hii, ingawa halikupigiwa ngoma na GFP_NOFS bado imetapakaa katika msimbo.

Kuhusu kushindikana, hali ni mbaya zaidi, na hapa natamani wahandisi wangekuwa wakali kuliko walivyokuwa.

Kila mwongozo wa kuandika draiva husema: kagua jibu la kmalloc, likiwa sifuri fungua ulivyofunga, rudisha ulivyochukua, utoke na kosa la ENOMEM. Waandishi wametii. Karibu kila ombi limefuatwa na mistari ya kukabili kukataliwa. Lakini ndani ya kigawaji cha kurasa kuna kizingiti: ombi lisilozidi kurasa 8, yaani kilobaiti 32 kwenye kurasa za kawaida, likiwa limeruhusiwa kusubiri, kwa vitendo halikataliwi. Kigawaji kitazunguka, kitakusanya, kitaita muuaji wa michakato, kitarudia tena, na ni katika hali chache tu kitakata tamaa. Maombi mengi ya kiini ni madogo kuliko hapo. Maana yake ni kwamba ile mistari ya kukabili kukataliwa, iliyoandikwa kwa uaminifu na kukaguliwa na watu, karibu haijawahi kutekelezwa. Tangu 2007 kiini kimekuwa na zana ya kulazimisha maombi yashindwe kwa makusudi ili mistari hiyo ijaribiwe, nayo hufichua kasoro kila inapotumiwa kwa bidii, lakini wanaoitumia ni wachache.

Mwaka 2014 siri hiyo ilitoka nje kwa kishindo. Tetsuo Handa alionyesha jinsi mashine inavyoweza kukwama kabisa: uzi mmoja umeshika kufuli la XFS na unaomba kumbukumbu, muuaji wa michakato amechagua wa kumuua, aliyechaguliwa hawezi kufa, kwa sababu anasubiri kufuli lilelile, na mwombaji hawezi kuliachia, kwa sababu ombi lake dogo haliruhusiwi kukataliwa. Kila mmoja anamngoja mwenzake. Wasanifu wa mifumo ya faili walilalamika, tena kwa haki, kwamba miaka yote waliandika msimbo wakiamini maombi yanaweza kushindwa. Upande wa pili walikuwapo waliohofu kwamba kuyaacha maombi yashindwe kikweli kungewasha mistari ile isiyojaribiwa, yote kwa pamoja, katika mashine za dunia nzima. Mwaka 2016 kiini kilipewa uzi maalumu wa kumnyang'anya aliyehukumiwa kumbukumbu yake bila kungoja afe. Ukwamaji ulipungua sana. Ahadi yenyewe haikuandikwa upya.

FreeBSD ililimaliza jambo hili kwa alama mbili. Ukiomba kwa M_WAITOK hutapewa sifuri kamwe: utasubiri muda wowote itakaochukua, basi usiombe hivyo ukiwa mahali pasipofaa kusubiri. Ukiomba kwa M_NOWAIT hutasubiri, na lazima uwe tayari kukosa. Mwandishi anajua ni mistari ipi aiandike na ipi aiache, na mistari isiyoandikwa haina kasoro. Linux nayo ina alama ya __GFP_NOFAIL kwa asiyeweza kurudi nyuma, mfano muamala wa faili uliofika katikati, lakini kwa muda mrefu ilichukuliwa kama aibu, kitu cha kuondolewa. Walioihitaji wakaandika vitanzi vyao wenyewe, wakiomba tena na tena bila kigawaji kujua kwamba mwombaji huyu hana njia nyingine. Baadaye nyaraka zilibadilika, zikakiri kwamba alama iliyo wazi ni bora kuliko kitanzi kilichofichwa. Ningependa hatua moja zaidi, yaani kila ombi litamke mojawapo ya mawili, na ukimya usiwe jibu la tatu.

Jambo hili si la maabara. Desemba 2017 Google ilitoa Android Go kwa simu zenye gigabaiti moja ya RAM au chini yake, aina ya simu zilizonunuliwa kwa wingi Kariakoo, River Road na Kampala kwa kuwa ndizo watu walizozimudu. Anayeandika msimbo wa kiini hufanya kazi kwenye mashine yenye RAM mara kadhaa ya hiyo, ambako kukosa nafasi ni tukio la nadra. Kwenye simu ndogo kukosa nafasi ni hali ya kila siku: programu ya pesa imefunguliwa, WhatsApp inapokea video, kamera inaomba kurasa nyingi zilizofuatana, na kiini kinazunguka kikitafuta. Msimbo ambao mwandishi hakuwahi kuuona ukitekelezwa ndio unaoamua kama skrini itaganda mteja akiwa dirishani kwa wakala. Kiolesura kinachoficha uwezekano wa kushindwa humkinga mwenye mashine kubwa na kumwachia mwenye ndogo gharama.

Kuna waliokwenda hadi mwisho wa barabara. Kiini cha seL4, ambacho usahihi wake ulithibitishwa kihisabati huko Sydney mwaka 2009, hakigawi kumbukumbu yake kabisa baada ya kuwaka. Hukabidhi RAM yote iliyobaki kwa mchakato wa kwanza, na yeyote anayetaka kiini kimtengenezee kitu huja na kumbukumbu ya kukitengenezea. Kiini hakiwezi kuishiwa kwa sababu hakina ghala. Ni jibu safi, na kwa vifaa vya ndege au vya hospitali naliona linafaa sana. Kwa mfumo wenye maelfu ya draiva zilizoandikwa na watu wa kila namna, ni vigumu kuliishi.

Upande wa ukubwa, makosa yamekuwa ya kijinga na ya hatari kwa pamoja. Mtu anataka safu ya vitu n, anazidisha n kwa ukubwa wa kimoja, anaipa kmalloc matokeo. Kwenye hesabu ya biti 32, vitu 1,073,741,824 vya baiti 4 ni sifuri, kwa maana hesabu imefurika na kuanza upya. Ombi linakubaliwa, nafasi iliyotolewa ni ndogo kuliko iliyokusudiwa, na mshambuliaji aliyeichagua n anaandika juu ya mali ya jirani. Tangu 2012 ipo kmalloc_array, inayopokea namba mbili na kuzizidisha yenyewe kwa tahadhari, na mwaka 2018 Kees Cook aliongoza kubadilishwa kwa mamia ya maombi ya zamani kwa mkupuo. Kanuni ni ileile: mwombaji anajua idadi na anajua aina, kuzidisha si kazi yake. Kusafisha nako ni hivyohivyo. Microsoft ilipoleta ExAllocatePool2 kwa matoleo mapya ya Windows 10, iliifanya ijaze sifuri katika kila nafasi isipokuwa mwombaji akatae, kwa sababu mabaki ya aliyetangulia yameshavujisha siri nyingi mno.

Aina ya kitu, ile ambayo Bonwick aliiuliza kwa ajili ya kasi, sasa inaulizwa kwa ajili ya usalama. Kmalloc huchanganya vitu vya kila aina kwenye mafungu yale yale ya baiti 64, 96, 128, 192 na kuendelea. Mshambuliaji akipata kielekezi kilichobaki baada ya kitu kurudishwa, huomba kitu kingine cha fungu hilohilo ili kikae palepale, halafu anakisoma cha pili kwa macho ya cha kwanza. Apple ilijibu kuanzia iOS 15 kwa kalloc_type, ambayo huomba kwa aina badala ya baiti, ili kigawaji kiweze kuvitenga vitu visivyofanana. Linux imekwenda polepole zaidi: toleo la 6.6 la mwaka 2023 liliweza kutawanya maombi kwenye nakala kadhaa za mafungu bila utaratibu unaotabirika, na la 6.11 la mwaka 2024 likaruhusu sehemu zenye hatari zaidi kuwa na mafungu yao. Inasikitisha kwamba kompaila ilikuwa ikiijua aina ya kila kitu tangu mwanzo. Kiolesura ndicho kilichoitupa, kwa kudai namba tupu.

Kurudisha kuna kesi zake. Mwaka 2007 Tejun Heo alileta devm, ambapo kumbukumbu hufungamanishwa na kifaa na kurudishwa yenyewe kifaa kinapoondolewa. Draiva zilipungua mistari, na kusahau kurudisha kukapungua. Lakini mtu akichomoa kamera ya USB huku programu bado imeifungua, kifaa kimeondoka na kumbukumbu yake imerudishwa, ilhali programu inaendelea kuishika. Uhai wa kumbukumbu ulifungwa kwa mmiliki asiye sahihi.

Lugha ya Rust, iliyoingia Linux katika toleo la 6.1 mwishoni mwa 2022, imeyaleta maswali haya yote mezani upya. Maktaba yake ya kawaida ilichukulia kwamba kumbukumbu ikikosekana programu inakufa, na Torvalds alipinga mapema, mwaka 2021, akisema kwamba kiini hakiwezi kuwa na tabia hiyo. Hatimaye, katika toleo la 6.13 la Januari 2025, kiini kilipata aina zake chenyewe, KBox na KVec miongoni mwazo. Mwombaji hutaja aina, ukubwa huhesabiwa na kompaila, kurudisha hufanyika pale mmiliki anapokoma, na jibu linalobeba uwezekano wa kukosa haliwezi kutumika kabla halijafunguliwa na kukaguliwa. Mengi niliyoyadai hapo juu yametimia kwa mkupuo mmoja. Lakini pembeni ya kila ombi bado kumeandikwa GFP_KERNEL. Kompaila ya Rust haijui kama uzi umeshika kufuli linalokataza kulala, hivyo itakubali ombi la kusubiri mahali pasipofaa kusubiri, sawasawa na C. Wanaofanya kazi na Rust ndani ya Linux wanatengeneza zana iitwayo klint, inayojaribu kufuatilia hali hiyo kutoka funksheni hadi funksheni wakati wa kukompaili. Ikifaulu, ruhusa ya kusubiri inaweza kuwa sehemu ya aina ya funksheni yenyewe, na yule msaidizi wa ngazi ya chini hataulizwa tena kuhusu kufuli asiloliona.